Peke Yako Kando ya Ziwa Bogoria



Wako vijana katika makanisa yetu ya Nakuru waliochoka na mapango ya Menengai, kwa kuwa kila wakienda kufunga na kuomba huwakuta wengine wamewatangulia. Sasa wanataka kwenda mbali zaidi: kila mmoja peke yake, shanta mgongoni, akatembee siku mbili tatu kando ya Ziwa Bogoria, mahali wanapopaita nyika tupu. Wanatuuliza shauri.

Na tuanze na maji. Ziwa hilo lina urefu wa yapata kilomita 17, na maji yake yote ni ya magadi. Heroe hustawi humo, lakini mtu hawezi kuyanywa. Chemchemi za Loburu huchemka kweli kweli, na ukingo unaoonekana mgumu waweza kukatika chini ya mguu wako. Tena, katika miaka ya 2010 ziwa lilifura, likameza barabara ya upande wa magharibi pamoja na baadhi ya chemchemi. Ukifuata ramani ya zamani itakupeleka majini. Basi huyo anayejiita msafiri wa peke yake ataishi kwa neno la mtu mwingine, yaani mchunga mbuzi atakayemwambia ni kijito gani kina maji matamu mwezi huu, na kipi kimekauka. Bila mtu huyo, siku ya pili hataiona jioni yake akiwa na nguvu.

Na mchunga mbuzi huyo si mgeni huko. Waendorois wamekaa kando ya ziwa hilo tangu zamani za mababu. Mwaka 1973 nchi yao ilitengwa iwe hifadhi ya wanyama, nao wakaondolewa. Walipeleka shauri lao hata mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba walidhulumiwa. Tunapoiita nchi hiyo tupu, twasema kama wale waliowaondoa.

Hata sisi watu wa kanisa tumo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita nchi hiyo akielekea Buganda, na kwa miaka mingi ramani za Wazungu ziliita ziwa hilo Hannington, kana kwamba lilikuwa halina jina. Hatumdharau askofu. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wapagazi wake wengi waliuawa pamoja naye. Lakini alikuwa na shemasi Mwafrika, William Jones, mtu aliyekuwa mtumwa akakombolewa. Askofu alimwacha Mumias pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Jones ndiye aliyengoja, ndiye aliyepokea habari ya kifo, na ndiye aliyewaongoza waliosalia mpaka Rabai, wakafika Februari 1886. Askofu alipewa ziwa zima. Jones hakupewa hata kijito.

Someni Mwanzo 16. Hajiri alikuwa peke yake jangwani, mjakazi aliyekimbia, ameketi penye chemchemi. Malaika alimwita kwa jina lake, kisha akataka kujua atokako na aendako. Swali hilo hilo, ndugu yangu, utaulizwa na mzee wa kwanza utakayekutana naye Loboi. Usilijibu kwa haraka kama mtu anayechelewa basi.

Kwa hiyo nenda, hatukukatazi. Lakini lala kwanza Loboi. Waambie askari wa hifadhi siku utakayorudi, kwa maana nyati na fisi wapo. Beba maji ya kutosha, hata kama shanta itakulemea. Uliza jina la kijito kabla ya kuinama kunywa. Na mwenyeji akitaka kukusindikiza, usimwambie kwamba ulikuja ukae peke yako na Mungu. Mpishe atangulie njiani.