Kabla ya Kujaza Gesi ya AC

Leo tuko kwenye AC ya gari, hasa ile inayojazwa gesi kila joto linapopanda.

Gesi hiyo haiungui kama dizeli. Inazunguka mlemle kwenye mabomba. Ikipungua upesi, imevuja, na fundi anayejaza bila kutafuta inapovujia anakuuzia ubaridi wa muda tu. Muulize: imetokea wapi?

Anzeni na macho. Gesi hutembea na oili ya kompresa, kwa hiyo inapopenya huacha mafuta, na vumbi la barabara zetu hunata hapohapo. Fungua boneti utazame maungio ya mabomba, nyuma ya puli ya kompresa, na kondensa iliyo mbele ya rejeta, maana ndiyo inayopigwa kokoto za njia za migodini. Doa jeusi lenye vumbi lililogandamana lishuku.

Kisha zima injini. AC ikifanya kazi, upande mmoja wa mabomba presha yake huwa ndogo. Ikitulia, pande zote hulingana. Pakaza povu la sabuni kwenye kila ungio na kwenye vali za kujazia, halafu usiwe na haraka. Kipovu kidogo kinachovimba polepole kinatosha kuwa ushahidi.

Evapureta imejificha nyuma ya dashibodi, sabuni haifiki. Hapo kinahitajika kifaa cha kunusa gesi, nacho kipitishwe upande wa chini, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa.

Mfumo ukiwa mtupu, upimwe kwa naitrojeni kavu. Nawasihi mafundi wenye mitungi ya kuchomelea: msitie oksijeni kamwe! Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka.

Na gesi ikishatoka haijaisha madhara. Kilo moja ya R-134a, iliyomo kwenye magari mengi, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo ya kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Ukishapatikana mvujo, oringi ibadilishwe, hewa na unyevu vivutwe kwa pampu ya vakyumu, ndipo gesi ijazwe kwa mizani. Gramu zake mara nyingi zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.