Nondo wa Sukuma na Harufu Aliyoizoea

Mmeniuliza mara nyingi: mbona yule kiwavi wa kijani anarudi shambani hata baada ya kupiga dawa? Hilo ni swali la pesa. Mtu akikopa kwa kikundi anunue mbegu na mbolea, halafu sukuma ziliwe zote, deni lenyewe haliliwi na wadudu.

Mdudu huyu mnamjua. Ukimgusa anajipindapinda, anajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu, anayetaga mayai madogo sana, ya manjano, juu na chini ya jani. Anaongozwa na harufu. Kabichi na sukuma zina ule ukali wa haradali; wadudu wengi wanaukimbia, lakini kwa huyu ni mwaliko.

Sasa sikieni jambo lililonishangaza. Mwaka 2005 wataalamu wa China na wenzao walieleza jaribio moja. Walinyunyizia kabichi maji ya majani ya krisanthemamu, mmea wa ukoo mmoja na pareto yetu. Nondo wageni wa harufu hiyo waliikwepa. Lakini wale waliowahi kutaga juu yake waliizoea, na baadaye wakachagua kabichi zilizonyunyizwa kuliko zile safi! Yaani kilichokuwa cha kumfukuza kikawa cha kumwita. Kwa hivyo sisi tunaopenda maji ya pilipili na ya mwarobaini, sisemi tuyaache. Nasema tusitegemee harufu moja tu wiki baada ya wiki.

Kuna jambo jingine, msilichanganye na hilo. Mwaka 1999 huko Naivasha nondo huyu alishambulia minji, zile za kuliwa na maganda. Minji haina ukali wa haradali hata kidogo. Watafiti wa ICIPE, wale wa Duduville hapo Kasarani tunapopita na matatu tukienda mjini, walilisha viwavi wa kabichi kwa minji. Mwanzoni walipona wachache sana. Baada ya vizazi kadhaa wakapona wengi. Huko si kuzoea kwa nondo mmoja. Wanaopona wanazaa watoto wanaoweza kula minji, ukoo unabadilika. Na katika joto letu kizazi kimoja ni kama wiki tatu hivi, basi hesabuni wenyewe kwa mwaka.

Tufanye nini? Ukimaliza kuvuna, ng'oa vile visiki vya sukuma vinavyobaki vikichipua. Wape ng'ombe au uzike. Hapo ndipo nondo wanazaliwa wakiwa wamezungukwa na harufu ya chakula chao. Kitalu usikiweke kando ya shamba kuukuu, hata kama maji yako karibu, na minji pia usiipande hapo. Dawa kali ya kuua kila kitu inaua pia nyigu mdogo anayetaga ndani ya kiwavi; ICIPE walimleta wa aina hiyo kutoka Taiwan na kumwachilia Kenya mwaka 2002. Ana faida kuliko mikebe mingi ya dawa.

Mkutano ujao kila mtu alete jani moja kutoka shambani kwake, lisiloshwa. Tutaligeuza pamoja tutafute mayai.