MANENO "NOT TO BE TAKEN"

Leo tutayapima maneno manne ya Kiingereza, tujue kama ni sahihi na kama yanaeleweka: NOT TO BE TAKEN.

Mwajua kwamba "take" ni chukua. Basi, je, maana yake ni "kisichukuliwe"? Ngojeni kidogo. Kwanza tuulize: yameandikwa wapi?

Yakiwa juu ya kitabu cha maktaba, ndiyo, maana ni hiyo: kitabu kisomwe humo humo, kisitolewe nje. Lakini katika karne ya 19 na miaka mingi ya karne ya 20, maneno hayo hayo yalitiwa kwenye chupa za sumu huko Uingereza. Herufi zake zilitokeza kwenye kioo chenyewe, wala si kwenye karatasi iwezayo kubanduka. Chupa nyingi zilikuwa za buluu au kijani, zenye matuta ubavuni, ili mtu azitambue kwa vidole hata gizani. Na kwa habari za dawa, "take" ni kunywa au kumeza. Chupa ilikuwa ikisema: "Usinywe!"

Sasa mfikirini mtu ajuaye maana moja tu. Ataiona chupa hiyo na kusema, "Vema, siichukui popote, nitainywa papa hapa." Atakufa, na huku sarufi ya maneno yale haina kosa hata moja! Baadhi ya chupa ziliongezwa neno POISON, yaani sumu. Hizo zilikuwa wazi zaidi. Na DO NOT DRINK, yaani usinywe, ni wazi kupita yote.

Basi, mkisoma Kiingereza, shikeni maswali matatu. Maneno yameandikwa wapi? Anaambiwa nani? Je, yaweza kusomwa kwa maana nyingine? Kama yaweza, maneno ni sahihi, lakini hayatoshi. Nanyi msipokuwa na hakika, ulizeni kabla ya kufungua kizibo. Kuuliza si ujinga.

Zoezi la leo: umeingia ofisini, karani akakuambia, "Take a seat." Je, uondoke na kiti? Andikeni jibu kwa sentensi moja, na sababu yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.