DAFTARI LA MAREHEMU MJOMBA WETU

(Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa na wanachama baada ya hitima)



Mjomba wetu, ambaye wazee wengi mlimjua tangu akiuza papa mkavu Darajani, amefariki dunia Karatu, na huko huko amezikwa. Hatukuwahi maziko. Tulifika siku ya tatu, tukalikuta kaburi limeinuka kwa udongo mwekundu wa nchi ile. Kulia tumekwisha kulia; leo twataka kulishuhudia jambo moja alilotuachia.

Alivuka bahari akiwa kijana, akakaa Karatu kabla ya barabara ya lami. Mji ule una baridi, naye hakulivua koti lake zito hata alipotutembelea huku pwani. Wairaqw hulima ngano na maharage, vitunguu hutoka Mang'ola, na Wamaasai huteremka kutoka Ngorongoro kutafuta unga. Watu wa Karatu waliwachagua wabunge wa upinzani tangu 1995 hata 2020, na kila chama kilikuwa na mtu wake barazani kwa mjomba. Alikuwa mkali wa kauli, na mtoto aliyegusa mzani alipata kofi. Lakini mzani wenyewe haukusema uwongo.

Huenda mtu akauliza, mfugaji ana haja gani na unga wa dukani? Hifadhi ya Ngorongoro ilipoundwa mwaka 1959, wafugaji, wakiwamo waliotolewa Serengeti, waliambiwa wataishi humo na mifugo yao. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku; mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa muda; mwaka 2009 kikakatazwa tena. Basi mfugaji huuza mbuzi apate unga, na ukame ukiwaua mbuzi, hana ila kukopa. Akikopa, mjomba huandika, kwani dini yetu imetuamrisha deni liandikwe, kama ilivyotuamrisha mwenye dhiki asubiriwe.

Juni 2022 familia za kwanza zilianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema wanaondoka kwa hiari. Wafugaji wengi walikana. Wateja wengine wa mjomba walipita usiku wasiage. Mmoja alimletea mbuzi jike kwa deni lake. Mjomba akamrudishia, akamwambia, "Huko uendako utahitaji maziwa kuliko mimi ninavyohitaji fedha."

Alipozidiwa na maradhi alituita, akatukabidhi daftari, akasema, "Futeni hesabu. Majina msiyafute."

Ndugu zetu, neno hili jepesi kulisema lilikuwa zito kulitimiza. Madeni yale yalipita nusu ya mali yake yote, na wasia haupiti thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Ameacha mjane, wana wawili wakubwa, na binti ambaye hajabaleghe. Mjane na wana walisamehe hapo hapo. Lakini haki ya mtoto haisamehewi na mama wala kaka, wala nasi tulio wasii. Katika kila mafungu arubaini ya kile kilichozidi thuluthi, saba ni ya binti yule. Tulikaa usiku kucha na kalamu. Asubuhi tukaamua kulilipa fungu lake kutoka katika duka letu wenyewe, kidogo kidogo, mpaka litimie. Hatusemi haya ili tusifiwe. Twayasema ili mtuulize kila mwaka kama tumelipa.

Nasi twajua kwa nini alitaka majina yabaki. Agosti 2024 tangazo la serikali lilivifuta vijiji vya Ngorongoro, na wananchi wakalalamika kuwa majina yao ya kupigia kura yamehamishwa mbali na kwao. Maelfu wakaifunga njia, na Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Mjomba aliyasikia hayo akiwa dukani, na waliotajwa walikuwa wateja wake. Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa uchungu wa mtu kulitafuta jina lake daftarini asilione. Mwenye nguvu hufuta jina, na mzigo ukabaki mgongoni mwa mwenye jina. Mjomba wetu, mtu wa duka la chumba kimoja, alifuta mzigo akaliacha jina.

Daftari lile tunalo. Tumepiga mstari juu ya hesabu, na majina yasomeka yote.

Mwisho, kama ada yetu: yeyote aliyemdai marehemu, awe hapa au Karatu, na aje kwetu tumlipe. Na yeyote aliyekosewa naye kwa ulimi, twamwombea radhi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, na amtilie baraka mtoto wake. Amin.