Gari Moja, Mikono Mingi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Woodley, Nairobi



Leo hatusemi habari za ada wala za uchaguzi. Wanachama wengi, hasa vijana, wameuliza jinsi gari linavyoundwa kiwandani, na kwa nini kazi ile hugawanywa vipande vipande. Swali hili ni jema, kwa sababu linagusa mshahara wetu na nguvu ya chama chetu.

Mkipita Barabara ya Ngong mnaona magari yamepangwa safu ndefu yakingoja wanunuzi. Mnunuzi huona kitu kimoja kinachong'aa. Sisi watu wa chuma na spana sharti tuone mikono iliyokijenga, mmoja baada ya mwingine.

Hapo kwanza gari lilikaa mahali pamoja, na mafundi walilizunguka mpaka likaisha. Mwaka 1913 mambo yaligeuzwa katika kiwanda cha Ford kilichokuwa Highland Park, jirani na Detroit, Marekani. Walianza na chombo kidogo tu, magneto, ambacho hutoa cheche ya kuwasha injini. Fundi mmoja alikuwa akiunda magneto moja kwa dakika 20 hivi. Kazi ile ikagawanywa kwa watu 29, kila mtu na sehemu yake, huyu akitia bolti, yule akikaza nati, na chombo kikisogezwa mbele yao. Muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10, na baadaye ukashuka zaidi.

Walipoona hivyo wakafanya vivyo hivyo kwa chasisi. Zamani chasisi ya Model T iliunganishwa kwa saa 12 na dakika 28. Mwaka 1914 iliunganishwa kwa saa 1 na dakika 33. Gari lilikuja kwa mtu, si mtu kwenda kwa gari.

Tajiri alifurahi. Je, mfanyakazi? Watu walichoka kukaza nati ile ile tangu asubuhi hata jioni, nao wakaondoka. Katika mwaka wa 1913 kampuni ililazimika kuandika watu zaidi ya 50,000 ili kiwanda kibaki na watu kama 14,000 tu. Ndiyo sababu, Januari 1914, Ford alitangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, badala ya dola 2.34 kwa saa tisa. Wengi husifu ukarimu ule. Sisi twasema pesa zile zilikuwa bei ya kumzuia mtu asikimbie. Tena zilikuwa na masharti: wakaguzi walikwenda mpaka majumbani kuangalia mfanyakazi anavyoishi.

Sasa tutazame yale magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1950, kama Chevrolet, ambayo watu wengi huyapenda mpaka leo. Yalipita hatua hizi.

Hatua ya kwanza ilikuwa chasisi. Mara nyingi iliwekwa kichwa chini ili mafundi wafunge ekseli na springi bila kuinama, kisha ikapinduliwa. Ya pili, injini na giaboksi zilizokwisha kuunganishwa mahali pengine zilishushwa kwa mnyororo na kufungwa. Wakati huo huo bodi ilikuwa ikijengwa upande mwingine: mabati yalichomelewa, yakasuguliwa, yakapakwa rangi, yakakaushwa katika tanuri, kisha vioo, nyaya na viti vikatiwa. Hatua iliyofuata bodi ilishushwa juu ya chasisi, na watu wa chini wakaifunga kwa bolti. Mwisho zikaja madigadi za mbele, boneti na magurudumu. Petroli ikatiwa, gari likawashwa na kukaguliwa.

Ona basi: bodi nyekundu ilipaswa kukutana na chasisi yake na injini yake kwa wakati wake. Bodi ikichelewa, chasisi husimama. Injini isipofika, wote husimama. Hapo ndipo ilipo siri ya hotuba yetu. Tajiri aliigawa kazi ili aongeze mwendo, lakini kwa kuigawa aliwafunga wafanyakazi wote katika mnyororo mmoja.

Wafanyakazi wa General Motors katika mji wa Flint waliielewa siri hiyo. Lalamiko lao kubwa lilikuwa mwendo wa kazi, uliozidishwa kila mara bila wao kuulizwa. Tarehe 30 Desemba 1936 waliketi ndani ya viwanda vya bodi, wakakataa kutoka. Hawakukamata kila kiwanda. Walichagua hatua ambayo wengine wote waliitegemea. Tarehe 1 Februari 1937 wakashika na kiwanda namba 4, kilichotengeneza injini za Chevrolet. Baridi ilikuwa kali, polisi walikuja, na wake zao walisimama nje pamoja nao. Baada ya siku 44, tarehe 11 Februari, kampuni ilikubali kuzungumza na chama chao, UAW.

Hatusemi tukakalie viwanda. Huko Marekani kwenyewe mahakama kuu iliamua mwaka 1939 kwamba njia ile si halali. Sisi tunayo Katiba ya mwaka 2010, na Kifungu cha 41 kinatupa haki ya kujiunga na chama, kupatana na mwajiri na kugoma. Tunachojifunza Flint ni hiki: asiyejua kazi yake inashikana na ya nani hajui nguvu yake.

Na hapa kwetu? Katika miaka ya 1970 viwanda vitatu vya kuunganisha magari vilianzishwa Kenya: Leyland huko Thika, Associated Vehicle Assemblers Mombasa, na General Motors hapa Nairobi, ambacho tangu mwaka 2017 ni Isuzu East Africa. Vipande huletwa katika makasha kutoka ng'ambo, na hatua ni zile zile: kuchomelea, rangi, viti na nyaya, chasisi, kufunga, kukagua. Mwaka 1986 serikali ilitaka gari letu wenyewe, Nyayo. Magari ya majaribio yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakufika sokoni. Mafundi hodari waweza kuunda gari moja; kuunda elfu kwataka fedha, viwanda vya vipande, na hatua zilizopangwa.

Ndugu, twawaomba mchukue mambo matatu.

La kwanza, mwendo wa kazi uandikwe katika mapatano kama mshahara unavyoandikwa. Nyongeza ya shilingi haina maana ikiwa kazi ya watu wanne imepewa watatu.

La pili, kijana asiachwe miaka mitano katika hatua moja. Tudai azungushwe, ajifunze kuchomelea, rangi na injini, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA apate cheti. Mtu anayejua nati moja tu, siku nati ile ikipewa mashine, atashika nini?

La tatu, hatua moja isidharau nyingine. Mwenye kupaka rangi asimcheke mwenye kusukuma makasha, na mwenye kazi ya kudumu asimsahau kibarua wa miezi mitatu anayesimama karibu naye. Gari halitoki kiwandani likiwa na hatua moja pungufu, na mapatano hayawi imara yakiacha watu nje.

Kesho alfajiri wengi wenu mtashuka kwenda eneo la viwanda. Mkifika, kila mmoja aulize: kazi yangu yatoka kwa nani, nayo yaenda kwa nani? Watu hao wawili wajueni kwa majina, kisha waleteni mkutanoni.