Mionzi Hairudishi Uimara wa Tunda

(Mada iliyotolewa katika kikao cha kamati za parokia)



Wakulima wa maembe katika vikundi vyetu wametuuliza: kwa nini tusichangie mtambo wa mionzi ili matunda yasiozee njiani? Swali hili linastahili jibu makini, maana fedha tunazozipanga ni sadaka za watu.

Kwanza tuondoe hofu. Chakula kilichopitishwa kwenye mionzi ya gamma ya kobalti-60 hakibaki na mionzi. Mwaka 1980 kamati ya wataalamu, likiwamo Shirika la Afya Duniani, ilikubali kuwa kipimo cha hadi kilogrei 10 hakileti sumu.

Lakini usalama ni jambo moja, na uimara wa tunda ni jingine. Seli za tunda hushikamana kwa pektini, kama matofali yanavyoshikwa na udongo. Mionzi hukatakata pektini hiyo. Kipimo kikipita kilogrei 1, matunda mengi hulegea.

Tena mazao hayafanani. Kwa viazi na vitunguu, grei 50 hadi 150 huzuia kuchipua, navyo hubaki vigumu ghalani. Mtambo wa Lasalgaon nchini India ulianza mwaka 2002 kwa ajili ya vitunguu. Mwaka 2007 maembe yaliyopitia hapo yaliuzwa Marekani, baada ya kupewa angalau grei 400 ili wadudu wasizaliane. Parachichi ni dhaifu zaidi: hata kipimo kidogo huweza kuligeuza rangi ndani.

Ndugu wapendwa, maembe yale ya India yalifaa kwa sababu yalifika mtamboni yakiwa mazima. Embe lililopondeka mionzi haiwezi kuliponya, huzidi kulilegeza.

Kwa hiyo robo hii hatuombi mchango wa mtambo. Tunaomba makreti ya plastiki badala ya matenga ya kushindilia, na banda la kivuli kwa kila kikundi. Kamati zisimamie kuchuma maembe yaliyokomaa yakiwa na vikonyo, bila kuyaangusha chini. Hapo ndipo mfuko wa mkulima unapookolewa. Siku soko la mbali litakapodai mionzi, tutakuwa na maembe yanayoweza kuistahimili.

Mungu awabariki.