Tukamue Mafuta au Tuuze Mbegu? Ngazi Tatu za Mkakati

Hotuba ya Afisa Ushirika kwa wakulima wa alizeti, Kata ya Mungaa



Mmeniuliza iwapo wakati umefika wa ushirika kuacha kuuza mbegu za alizeti na kuanza kukamua mafuta. Uamuzi huo ni wenu, kwa kuwa akiba itakayotumika ni yenu na mkopo utalipwa nanyi. Kazi yangu leo ni kueleza jinsi kampuni inavyopanga mkakati wake katika ngazi tatu, ili mtakapoamua mjue mnaamua nini.

Ngazi ya kwanza ni ya kampuni nzima. Hapa huulizwa: tufanye biashara zipi, na zipi tuziache? Litazameni kundi la kampuni za Bakhresa. Linasaga nafaka, linatengeneza vinywaji, linaendesha boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na lina televisheni. Fedha ziende kwenye kinu kipya au kwenye boti mpya? Hilo haliamuliwi na msimamizi wa kinu, bali na uongozi wa juu. Kwetu, uongozi wa juu ni ninyi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya vikao vingine vyote vya chama. Asiyehudhuria siku hiyo amewaachia wengine waamue juu ya jasho lake.

Ngazi ya pili ni ya biashara moja moja. Swali lake ni: katika biashara hii tutamudu vipi ushindani? Abiria wa boti hutazama ratiba na usalama. Mnunuzi wa unga hutazama bei na ubora. Kila biashara, basi, hudai mkakati wake. Sisi tukikamua, tutakutana sokoni na viwanda vikubwa na mafuta ya mawese yatokayo nje ya nchi. Kwa wingi hatutawaweza. Huenda tukawaweza kwa ukaribu: shule zetu, mama lishe, maduka ya Makiungu na Siuyu, na wafugaji wanaohitaji mashudu. Hayo yachunguzwe kabla mashine haijanunuliwa.

Ngazi ya tatu ni ya idara: ununuzi, ghala, uzalishaji, mauzo na fedha. Hapa ndipo wahenga waliposema kwamba mipango si matumizi. Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ikikamua magunia 10 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi, inahitaji magunia 250. Ili ifanye kazi miezi minane, ghala lipokee magunia 2,000. Alizeti huvunwa kwa msimu mmoja, na mkulima mwenye ada ya shule mkononi hawezi kungoja. Idara ya fedha isipokuwa na fedha taslimu wakati wa mavuno, wachuuzi watazibeba mbegu. Tukiambulia magunia 500, mashine itafanya kazi miezi miwili, nao mkopo utadaiwa miezi kumi na miwili.

Nimewahi kuona chama kimoja, si cha hapa, kilichofikwa na jambo hilo. Mkutano mkuu ulipitisha ununuzi wa mashine kwa vigelegele. Hakuna aliyeuliza habari za fedha za kununulia mbegu. Mashine ilikuwa nzima. Kilichopungua kilikuwa mpango wa idara. Wanachama walirudi kuuza mbegu kwa wachuuzi huku wakilipa deni.

Ndugu zangu, mkakati hauteremki tu kutoka juu. Sharti upande pia kutoka chini. Mpima mizani ndiye wa kwanza kujua kwamba mbegu zimeletwa mbichi. Mkamuaji ndiye ajuaye kwamba mbegu ya Record tuliyoizoea hutoa mafuta machache kuliko chotara. Habari hizo zikiishia ghalani, bodi itapanga gizani. Meneja apeleke taarifa kwa bodi kila mwezi, nayo bodi iwasomee wanachama.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu ujao, kabla hamjanyoosha mikono, iulizeni bodi maswali matatu. Kwa nini kukamua, badala ya kutafuta bei bora ya mbegu? Nani atanunua mafuta na mashudu yetu, na kwa nini atuchague sisi? Fedha za kununulia mbegu wakati wa mavuno ziko wapi, na ghala litabeba magunia mangapi? Majibu yakiwa kamili, tununue mashine. Likikosekana hata moja, tungoje msimu mwingine. Kungoja kutatupunguzia faida ya mwaka mmoja. Deni lisilolipika laweza kutunyang'anya chama chenyewe.